Kutoka Ukunda Hata Nairobi: Maili za Angani na Saa za Safari

Watu wa Kwale wana desturi ya tangu zamani ya kupima safari kwa saa wala si kwa maili. Mtu wa Msambweni akiulizwa, "Ni mbali gani hata Lunga Lunga?" hujibu, "Ukitoka alfajiri, jua halijawa kali utakuwa umefika." Jibu hilo laweza kudhaniwa si la kisomo, lakini lina hekima ndani yake, na hekima hiyo yahitajiwa zaidi siku hizi ambapo watu wengi wa Pwani ya Kusini husafiri kwa ndege. Maana katika safari ya ndege ziko hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya maili za angani, na ya pili ni hesabu ya saa za safari nzima. Mwenye kuijua ya kwanza peke yake aweza kupata hasara kubwa kwa sababu ya ile ya pili.

Na ichukuliwe kwa mfano habari ya mzee mmoja wa Msambweni, aliyekuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake, na mpwa wake aliye mwalimu wa shule. Habari yenyewe ni ya miaka ile kabla barabara ya Dongo Kundu haijafunguliwa yote, wakati njia ya watu wengi wa kusini kwenda Mombasa ilikuwa ni feri ya Likoni. Dada yake mzee, yaani mama yake mwalimu, alikuwa ameanguka kisimani akaumia nyonga, na mfupa haukuunga sawasawa. Akapewa siku ya kuonana na daktari wa mifupa mjini Nairobi, siku ya Jumatano saa saba mchana. Ilikuwa dhahiri ya kuwa asipofika saa hiyo, nafasi yake ingepewa mgonjwa mwingine, naye angerudi nyuma ya safu ndefu ya wangojao, huku mguu ukizidi kukakamaa.

Katika desturi ya Wadigo mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo mwalimu hakukata tikiti kwanza, bali alikwenda kwa mjomba wake, akamkuta barazani akishona wavu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwangu. Karibu kitako. Mama yu hali gani?"

"Hajambo kidogo, mjomba, ila kutembea bado ni kazi. Nimekuja kwa shauri la safari. Naona afadhali tupite Mombasa. Ndege ya huko ni kubwa, na angani hukaa dakika 45 tu. Hii ya hapa Ukunda ni ndogo, nayo huchukua saa moja na dakika 20. Tena njia yake ni ndefu zaidi, nimeipima kwa ramani."

Mzee akauweka wavu chini. "Hesabu yako ni nzuri, mwanangu. Lakini yaanzia wapi?"

"Yaanzia kiwanja cha ndege, mjomba."

"Na mama yako alala kiwanjani?"

Mwalimu akacheka, asiwe na jibu.

HESABU YA MAILI

Hata hivyo, maneno ya mwalimu juu ya umbali yalikuwa ya kweli, na kila aliyesoma hesabu za shule aweza kuyahakikisha mwenyewe kwa ramani na kalamu. Dunia imegawanywa kwa mistari ya digrii, na kila digrii ina dakika 60. Dakika hizo ni za ramani, si za saa. Mabaharia waliweka kanuni ya kuwa dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ni sawa na maili moja ya bahari, nayo ni meta 1,852. Kanuni hiyo ndiyo itumiwayo na marubani hata leo. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kama Kenya, dakika moja ya kwenda mashariki au magharibi nayo hukaribia kuwa maili moja ya bahari. Kwa sababu hiyo hesabu ya safari za Kenya ni nyepesi kuliko ya nchi zilizo mbali kaskazini, kama Uingereza, ambako mistari hiyo imesongamana.

Kiwanja cha Wilson mjini Nairobi kiko digrii 1 na dakika 19 kusini ya Ikweta, na digrii 36 na dakika 49 upande wa mashariki. Kiwanja cha Ukunda, ambacho ndicho kiwanja cha Diani, kiko digrii 4 na dakika 18 kusini, na digrii 39 na dakika 34 mashariki. Msomaji akitoa hesabu ataona ya kuwa tofauti ya kwenda kusini ni dakika 179, na tofauti ya kwenda mashariki ni dakika 165. Mistari hiyo miwili hukutana kwa pembe mraba, na njia ya ndege ndiyo mstari wa tatu ulalao mshazari. Hapo yafaa kanuni ya Myunani wa kale, Pythagoras. Mara 179 kwa 179 ni 32,041. Mara 165 kwa 165 ni 27,225. Jumla yake ni 59,266, na kipeuo cha pili cha jumla hiyo ni karibu 243. Basi kutoka Wilson hata Ukunda ni maili 243 za bahari, yaani karibu kilomita 450, au maili 280 za nchi kavu.

Kwa hesabu iyo hiyo, kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta kilichoko Embakasi hata kiwanja cha Moi cha Mombasa ni maili 228 za bahari, yaani karibu kilomita 423. Kwa hiyo mwalimu alisema kweli: njia ya Ukunda yaizidi ya Mombasa kwa kilomita zipatazo 27. Na jambo la kustaajabisha ni hili, ya kuwa kiwanja cha Mombasa na kiwanja cha Ukunda, kwa mstari ulionyoka, haviko mbali. Kati yake ni kilomita 30 tu au pungufu kidogo. Kunguru aweza kutoka kimoja akafika kingine kabla chai ya asubuhi haijapoa.

HESABU YA MWENDO

Mwendo wa ndege nao una siri zake. Ndege kubwa ya jeti, ikiwa juu kabisa, huenda kilomita 800 kwa saa au zaidi. Mtu akigawanya kilomita 423 kwa mwendo huo atapata dakika kama 32, kisha atauliza, mbona safari huchukua dakika 45? Sababu ni kuwa ndege haiondoki ardhini na mwendo wake wote. Yapasa ipande polepole, na kabla ya kutua yapasa ishuke na kupunguza kasi, igeuke ifuate njia ya kutulia. Katika safari fupi kama hiyo, sehemu kubwa ya wakati huishia katika kupanda na kushuka, na ule mwendo mkuu hutumiwa kwa muda mchache tu. Tena ratiba za mashirika huandika saa nzima au zaidi, maana huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama na milango kufunguliwa.

Njia ya kurukia ya Ukunda kwa muda mrefu imekuwa fupi, kilomita moja na kidogo, hali ile ya Mombasa ina zaidi ya kilomita tatu. Kwa sababu hiyo jeti kubwa hazitui Ukunda, ila ndege za mapanga. Ndogo miongoni mwao, kama Cessna Caravan yenye injini moja na abiria kama 12, huenda karibu kilomita 340 kwa saa. Gawanya kilomita 450 kwa 340, utapata saa moja na dakika 20. Zile zenye injini mbili, kama Dash 8, huenda kasi zaidi, nazo huweza kufika kwa muda wa saa moja.

Upepo nao una sehemu yake. Hewa ya juu ya nchi ya Kenya mara nyingi hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo ndege iendayo Nairobi kutoka Pwani aghalabu husukumwa mgongoni, na irudiyo hukabiliana na upepo usoni. Tofauti yaweza kuwa dakika chache tu, lakini ipo. Jambo hili halikuwa geni kwa mzee nahodha. Yeye alijua ya kuwa wakati wa kusi, jahazi litokalo Vanga kwenda Mombasa hufika kama lililobebwa, na lile lirudilo hulazimika kubisha na kuhangaika siku nzima na zaidi, ingawa bahari ni ile ile na maili ni zile zile.

Kwa kweli, historia yote ya safari za Pwani na Bara ni historia ya kupunguza saa, maana maili hazikupungua. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na safari iliyokuwa ya wiki nyingi kwa miguu ikawa ya siku moja. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la eropleni mjini Nairobi, na kiwanja cha Wilson chaitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 1937 ndege za kutua majini za shirika la Imperial Airways zilianza kushuka Kisumu na Mombasa katika safari yao ya kutoka Uingereza hata Durban. Mwaka 1958 kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa. Na mwaka 2017 treni mpya ya Madaraka ilianza kwenda Mombasa hata Nairobi kwa saa zipatazo tano au sita. Kila mara saa zilipungua. Lakini kwa mtu wa kusini palikuwa na mahali pamoja ambapo saa zilikataa kupungua, napo ni Likoni.

MAJI YA NUSU KILOMITA

Mlango wa Kilindini kati ya Likoni na kisiwa cha Mombasa una upana wa kama nusu kilomita tu. Kijana mwenye pumzi aweza kurusha sauti yake ikasikika ng'ambo usiku wa kimya. Feri ikishang'oa huvuka kwa dakika chache. Lakini kuvuka si kuvuka tu, kuna kungoja. Kwa miaka mingi imekadiriwa ya kuwa watu zaidi ya laki tatu huvuka hapo kila siku, pamoja na maelfu ya magari. Tena mlango huo ndio lango la bandari, na meli kubwa inapoingia au kutoka, feri hungoja ipite. Matatu zitokazo Ukunda na Msambweni huishia Likoni, na abiria huteremka kwa miguu katika msongamano, wakavuka wamesimama, kisha wakapanda kilima upande wa pili kutafuta gari lingine.

Wala watu wa kusini hawakusahau ya kuwa maji hayo yana deni kwao. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani ya Likoni, ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka ng'amboni, na watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Tangu siku ile, watu wa kusini wasemapo juu ya umbali wa Mombasa huyahesabu maji hayo peke yake, kama nchi nyingine iliyo kati.

HESABU YA MJOMBA

Basi mzee alimwomba mpwa wake kalamu na karatasi, akamwambia aandike.

"Kutoka hapa Msambweni hata Likoni, na matatu ikisimama kila kituo?"

"Saa moja na nusu, mjomba."

"Kivukoni?"

"Siku ya heri, nusu saa. Siku nyingine, saa moja na zaidi."

"Andika saa moja. Mgonjwa hasafiri kwa kutegemea siku ya heri. Na kutoka ng'ambo hata kiwanjani, kupita mjini, Makupa na Changamwe?"

"Dakika 45."

"Kungoja kiwanjani?"

"Saa moja kwa uchache."

"Sasa ndipo uandike zile dakika zako 45 za angani. Jumla?"

Mwalimu akajumlisha. Ilikuwa dakika 300, yaani saa tano kamili.

"Haya, andika ya Ukunda. Kutoka hapa kwa gari la jirani, dakika 40. Kungoja, saa moja. Angani, saa moja na dakika 20. Jumla?"

Mwalimu akajumlisha tena, akakaa kimya kidogo. "Saa tatu, mjomba."

"Basi ndege iendayo polepole, katika njia iliyo ndefu zaidi, itamfikisha mama yako saa mbili mbele ya ile ya kasi. Bandu bandu huisha gogo, mpwangu. Dakika za njiani ndizo zinazolila gogo, si zile za mbinguni. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kuwa kwa njia ya Mombasa mama yako atateremka kile kilima cha Likoni kwa mkongojo, kati ya watu elfu wanaokimbilia kazi."

Mwalimu hakubisha tena. Aliuliza jambo moja tu: "Lakini nauli ya Ukunda imezidi kidogo, mjomba."

"Toa humo nauli ya matatu, na gari la kukodi la Mombasa, na chakula cha njiani cha watu wawili. Kisha ongeza kuwa ndege ya Ukunda itatua Wilson, karibu na hospitali, na ile ingine itatua Embakasi, nawe uanze safari nyingine ndani ya msongamano wa Nairobi. Kitakachobaki nitakitoa mimi."

Hapa yafaa kila msafiri akumbuke ya kuwa Nairobi ina viwanja viwili vikubwa vya abiria, navyo viko mbali kwa kilomita 12 hivi kwa mstari ulionyoka, na zaidi kwa barabara. Si kila ndege itokayo Ukunda hutua Wilson, nyingine hutua Embakasi. Tikiti huonyesha kwa herufi tatu: WIL ni Wilson, NBO ni Jomo Kenyatta, MBA ni Mombasa, na UKA ni Ukunda. Mwenye kupokea mgeni na azisome herufi hizo kabla ya kutoka nyumbani, asije akangoja Wilson hali mgeni wake asimama Embakasi.

SAA ZA TIKITI

Siku mbili kabla ya safari palitokea jambo lililokaribia kuharibu shauri lote. Jirani aliyekubali kuwapeleka kwa gari lake alipita kwa mzee kumwaga, akasema, "Basi Jumatano nitakuja baada ya sala ya adhuhuri, mzee wangu. Nimeona tikiti, ndege ni saa tisa na dakika arobaini."

Mzee akashangaa, akamwita mwalimu alete tikiti. Ilikuwa imeandikwa 09:40. Jirani alikuwa ameisoma kama asomavyo saa ya ukutani kwake, kwa Kiswahili. Lakini saa za tikiti si saa za Kiswahili. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, na saa za tikiti huanza usiku wa manane. Ile 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini za asubuhi. Kama jirani angefika baada ya adhuhuri, ndege ingekuwa imekwisha kutua Nairobi, na daktari ameshamwita mgonjwa mwingine.

Kanuni yake ni nyepesi, na ingefaa ibandikwe katika kila nyumba yenye msafiri. Tikiti ikionyesha saa tangu 07 hata 18, toa sita: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ikionyesha tangu 19 hata 23, toa kumi na nane: 21:15 ni saa tatu na robo usiku. Na ikionyesha tangu 00 hata 06, ongeza sita: 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tena ikumbukwe ya kuwa saa iliyoandikwa ni ya ndege kuondoka, si ya abiria kufika kiwanjani. Mlango wa kupokea abiria hufungwa mapema, hata katika kiwanja kidogo.

SIKU YA SAFARI

Jumatano ilipofika, mama alitoka nyumbani saa mbili kamili, akiwa na kapu la maembe na nazi kwa ajili ya binti yake aishiye Nairobi. Kiwanjani kapu lilipimwa likaonekana zito, maana ndege ndogo haziruhusu mzigo mwingi. Mara nyingi ni kilo 15 kwa abiria mmoja. Ikabidi nazi sita zirudi Msambweni kwa gari la jirani. Mama alisikitika zaidi kwa nazi hizo kuliko kwa nyonga yake.

Ndege iliondoka saa tatu na dakika arobaini. Ilivuka milima ya Shimba na msitu wake, ikapita juu ya nyika kavu ya Taru, na milima ya Taita ikaonekana mkono wa kushoto. Baadaye, mbali zaidi upande uo huo, kilele cheupe cha Kilimanjaro, chenye meta 5,895, kikatokea juu ya mawingu. Mama aliuliza kama pale ndipo Nairobi. Mwanawe akamwambia, "La, mama, huo ni mlima wa Watanzania, sisi twapita tu." Saa tano juu ya alama ndege ilitua Wilson, katika nchi iliyo juu ya bahari kwa meta zaidi ya 1,600, na mama akaomba shali kwa sababu ya baridi.

Saa sita walikuwa wameketi katika chumba cha kungojea hospitalini. Saa saba jina la mama liliitwa, naye akaitikia. Daktari alimtazama, akampangia siku ya kupasuliwa. Miezi michache baadaye mama alionekana tena kisimani Msambweni, ingawa ndoo alibebewa na wajukuu.

BARABARA MPYA, HESABU MPYA

Tangu siku hizo mambo yamebadilika. Barabara ya Dongo Kundu, yenye urefu wa kama kilomita 17, imeunganisha njia kuu ya Nairobi karibu na Miritini na barabara ya Likoni na Lunga Lunga pale Kibundani. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na kufikia mwaka 2024 magari yaliweza kuipita yote, juu ya madaraja marefu ya Mwache na Mteza, bila kugusa feri. Mtu wa Diani mwenye gari aweza sasa kufika kiwanja cha Moi kwa muda upatao saa moja, barabara ikiwa wazi. Basi yule asemaye leo ya kuwa Mombasa ni mbali kwa sababu ya feri, asema habari za jana.

Je, hesabu ya mjomba imekwisha kazi? Sivyo. Hesabu zake zimebadilika, lakini njia yake ya kuhesabu ni ile ile. Kwa mtu wa Ukunda mwenyewe, kiwanja cha karibu bado kina faida yake. Kwa mtu wa Tiwi au Matuga, au kwa mwenye mizigo mingi, yaweza kuwa afadhali kupita Dongo Kundu akapande ndege kubwa, au hata akapande treni pale Miritini. Na kwa asiye na gari, feri haijaondoka na kungoja hakujaondoka. Kila mmoja hana budi kuchukua kalamu yake mwenyewe, aanzie mlangoni pake, wala asianzie kiwanjani. Na amalizie pale aendako hasa, wala si pale ndege itakapotua.

Watu wakuu wa nchi waweza kujisifu kwa maili na kwa kasi ya ndege, na sifa hiyo ni ya haki, maana kilomita 450 kwa saa moja na dakika chache ni jambo ambalo mababu hawakulitarajia. Lakini mgonjwa hapimi safari yake kwa kilomita. Huipima kwa kitanda alichotoka, kwa mkono uliomshika njiani, na kwa saa aliyoitwa jina lake. Mzee yule wa Msambweni hakupata kupanda ndege hata siku moja, lakini alijua kuisoma safari, kwa sababu baharini alijifunza ya kuwa chombo hakijafika mpaka kamba ifungwe gatini.